Aliyewachorea Masingasinga Mpaka

Makambako ni mji wa njia panda. Lori linalotoka Dar es Salaam likifika hapo lina mawili: kunyoosha kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia, au kukata kushoto kuelekea Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo imepita hapohapo. Mji wa namna hii haushangai wageni. Mzambia anapita, Mkongo anapita, Mchina anapita, na mara mojamoja anaonekana mtu mwenye asili ya Bara Hindi, kilemba kichwani, ndevu hazijaguswa na wembe, bangili ya chuma mkononi, amesimama pembeni ya injini iliyofunguliwa. Kila mtu anajua la kumwita: Singasinga. Wakenya wangesema Kalasinga. Jina linatoka haraka, na likishatoka hakuna anayeuliza zaidi.

Lakini muulize mtu yeyote stendi huyo Singasinga ni wa dini gani, uone kazi. Mmoja atasema ni Mhindu wa aina yake. Mwingine, akikumbuka kilemba na ndevu, atasema ni Mwislamu wa Kihindi. Wa tatu atasema hilo ni kabila tu, kabila la mafundi. La pili na la tatu ni makosa ya kawaida ya mtaani, hayana historia ndefu. La kwanza ni habari nyingine kabisa. Liliwahi kuungwa mkono na mahakama ya juu kuliko zote katika dola ya Waingereza, na kuna watu waliotumia maisha yao kulipinga. Aliyelipinga kwa kalamu kali kuliko wenzake alikuwa mtumishi wa serikali ya maharaja mdogo wa Punjab. Aliitwa Kahn Singh, wa Nabha, na kwa heshima wenzake walimwita Bhai, yaani ndugu.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1861 katika kijiji cha upande wa mama yake, ndani ya himaya ya Patiala, akakulia Nabha. Baba yake, Narain Singh, alikuwa mwangalizi wa nyumba ya ibada mjini hapo na alisifika kwa kuhifadhi maandiko matakatifu moyoni. Mtoto hakupelekwa shule. Alisomeshwa kwa njia ya zamani: Kisanskriti kwa mapandita wa Kihindu, Kiajemi kwa mamaulavi wa Kiislamu, na muziki, maana maandiko ya dini yake yamepangwa kwa raga na huimbwa. Katika ujana wake alikwenda Lahore kuongeza Kiajemi. Huko akakutana na Gurmukh Singh, mwalimu wa Chuo cha Oriental, mmoja wa viongozi wa Singh Sabha, harakati ya matengenezo ya Masingasinga. Msomaji aliweke akilini jambo hili: mtu aliyekuja kuandika kwamba Masingasinga si Wahindu alifundishwa kusoma na Wahindu na Waislamu.

Mwaka 1887 maharaja Hira Singh wa Nabha alimpa kazi ya kumfundisha mwanawe mrithi, Ripudaman Singh, na tangu hapo akashika nyadhifa nyingi za serikali ya Nabha, kuanzia ukatibu wa maharaja hadi ujaji. Hakuwa padri wala shehe. Dini ya Masingasinga haina upadri. Mtu yeyote anayejua kusoma, mwanamume au mwanamke, anaweza kuketi mbele ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu, na kuwasomea wenzake. Ndiyo maana msomi wa dini hii anaweza kuwa mtu wa ofisi, anayeamua kesi za mashamba mchana na kufungua vitabu usiku. Kahn Singh alikuwa wa namna hiyo maisha yake yote.

Ugomvi uliomfanya aandike unahitaji maelezo mafupi. Dini hii, Usikhi, ilianza na Guru Nanak, aliyeishi kati ya 1469 na 1539, ikaongozwa na maguru kumi wakifuatana. Wa tano, Arjan, alikusanya maandiko mwaka 1604. Wa kumi, Gobind Singh, aliunda udugu wa Khalsa mwaka 1699, na kabla ya kufa mwaka 1708 akaagiza kwamba baada yake hakutakuwa na guru mwingine wa mwili; kitabu ndicho guru. Kilemba, nywele zisizokatwa na bangili ya chuma anavyoviona mtu wa Makambako vinatoka kwenye amri ya Khalsa. Ila kati ya amri na maisha ya watu kuna umbali. Kufika karne ya 19, Masingasinga wengi wa vijijini waliozesha kwa kuzunguka moto wa pandita, walikwenda kuhiji kwenye mito mitakatifu ya Wahindu, waliheshimu makaburi ya mawalii wa Kiislamu, na kati ya ndugu wa tumbo moja ungeweza kukuta mmoja ana kilemba na mwingine amenyoa. Hata kwenye viwanja vya hekalu kuu la Amritsar palikuwa na sanamu za miungu. Ziliondolewa mwaka 1905.

Waingereza waliiteka Punjab mwaka 1849. Wakaleta sensa, na sensa haina kisanduku cha mtu wa huku na huku. Wamisionari wa Kikristo nao wakaingia. Kisha Arya Samaj, chama cha Wahindu wa matengenezo kilichoanzishwa mwaka 1875, kikaota mizizi Lahore na kuanza kuwarudisha watu kwenye Uhindu kwa ibada ya utakaso. Masingasinga nao wakahesabiwa kuwa kondoo waliopotea. Hapo ndipo vita vya vijitabu vilipopamba moto, kila upande ukichapa wake na kusambaza sokoni.

Mwaka 1898 Kahn Singh alitoa chake, na jina la kitabu lenyewe lilikuwa hoja: Ham Hindu Nahin, yaani Sisi si Wahindu. Alikiandika kwa mtindo wa mazungumzo. Mhindu anauliza, Singasinga anajibu. Mhindu anasema nyinyi mmetoka kwetu, majina yenu ni yetu, mnaoana na sisi, tofauti iko wapi? Singasinga anachukua jambo mojamoja: Veda, tabaka, sanamu, miungu iliyojimwilisha, ibada za ndoa na za maiti, na kwa kila moja anatoa ushahidi kutoka maandiko ya maguru. Mwandishi mwerevu wa mabishano humpa mpinzani maswali mazuri, naye alifanya hivyo. Ukikisoma unaona mkono wa jaji: hoja, kifungu, hukumu, tunaendelea.

Mwaka huohuo alifariki Dyal Singh Majithia, tajiri wa Lahore aliyezaliwa Singasinga, mwanzilishi wa gazeti la The Tribune. Mali yake kubwa aliiacha kwa wasia kujenga chuo na maktaba. Mjane wake akaenda mahakamani kupinga wasia, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba sheria ya Wahindu haikumhusu marehemu kwa kuwa hakuwa Mhindu. Kwa hiyo swali la Kahn Singh likaingia kortini kwa mlango wa mirathi, kama maswali mengi ya dini yanavyoingia. Mahakama ya Punjab ikaamua kwamba kisheria Dyal Singh ni Mhindu, na mwaka 1903 Baraza la Mfalme huko London, mahakama ya mwisho ya dola, likakubaliana nayo. Kijitabu kilikuwa kimeshasomwa na watu, lakini majaji hawakukifuata.

Jibu lililofuata halikuwa kijitabu kingine. Lilikuwa sheria, na aliyeipeleka alikuwa mwanafunzi wa Kahn Singh. Ripudaman Singh, mtoto aliyefundishwa kusoma na mwandishi wa Ham Hindu Nahin, alipopata kiti katika Baraza la Kutunga Sheria la India aliwasilisha mwaka 1908 muswada wa kutambua ndoa ya Anand. Katika ndoa hiyo bibi na bwana harusi hawazunguki moto. Wanakizunguka Kitabu mara nne huku wimbo wa ndoa uliotungwa na guru wa nne, Ram Das, ukiimbwa. Muswada uliendelezwa na Sundar Singh Majithia na ukawa sheria mwaka 1909. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo, ndoa kuzunguka kitabu badala ya moto. Lakini ukitaka kujua kama jamii fulani ni dini au ni tawi la dini ya wengine, angalia nani anawafungisha ndoa na nani anawazika. Mwaka 1925 ikaja sheria ya pili, iliyoweka nyumba za ibada za Punjab mikononi mwa kamati inayochaguliwa na Masingasinga wenyewe. Kwa muda wa kizazi kimoja, maneno ya kijitabu yalikuwa yameshaingia kwenye vitabu vya sheria.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua vizuri mchezo huu wa kalamu na mpaka. Waahmadiyya walipochapa tafsiri yao ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1953, Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy hakunyamaza. Tafsiri yake iliyotoka kamili Nairobi mwaka 1969 ni elimu, na ni jibu pia. Watu wasiosoma maelezo ya chini ya ukurasa wanadhani ni tafsiri tu. Ni mpaka umechorwa pale.

Kazi nyingine ya Kahn Singh ilifanyika nyuma ya jina la mtu mwingine. Mwaka 1885 alikutana Rawalpindi na Max Arthur Macauliffe, Mwairishi aliyekuwa ofisa katika utumishi wa Waingereza India. Macauliffe alikuwa ameyapenda maandiko ya maguru na kuchukizwa na tafsiri iliyokuwepo, ya Mjerumani Ernest Trumpp, ambayo Masingasinga waliiona ni tusi. Mwaka 1893 akaacha kazi ili aandike. Kwa miaka mingi Kahn Singh ndiye aliyekuwa mwalimu wake, kamusi yake na msahihishaji wake. Mwaka 1907 akasafiri naye hadi Uingereza kazi ilipokaribia kiwandani. Kitabu, The Sikh Religion, kikatoka Oxford mwaka 1909, juzuu 6. Dunia inamtaja Macauliffe. Yeye mwenyewe, na hili ni la kumsifu, alimkabidhi Kahn Singh haki za kitabu hicho. Wakoloni wengi waliokaa na wazee wetu kuandika mila na misamiati hawakufika hata kutaja majina yao.

Aliandika mengine mengi, na si yote yanayotuhusu. Gurmat Prabhakar na Gurmat Sudhakar ni mikusanyo ya mafundisho iliyopangwa kwa mada. Kuna vitabu vya arudhi, maana alikuwa mshairi. Kuna kimoja cha mwaka 1907 cha kukataza pombe, ambacho kingepata wasomaji wagumu sana Njombe msimu wa ulanzi.

Kazi ya kukaa nayo ni kamusi. Aliianza mwaka 1912 akiwa na miaka 50 hivi, umri ambao watu wengi wa serikali wanahesabu siku za kustaafu. Aliimaliza mwaka 1926. Ilichapwa Amritsar mwaka 1930 kwa juzuu 4, ikiwa na vidahizo zaidi ya 64,000. Jina lake refu ni Gurshabad Ratnakar Mahan Kosh. Watu husema Mahan Kosh, Kamusi Kuu, na wanaelewana.

Kwa nini ilihitajika? Kwa sababu Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430, hakikuandikwa kwa lugha moja. Ndani yake mna mashairi ya maguru, ya Kabir mfumaji, ya Namdev wa Maharashtra, ya Sheikh Farid aliyekuwa Sufi. Kuna Kipunjabi cha kale, kuna lugha za kaskazini mwa India, kuna maneno ya Kisanskriti, ya Kiajemi na ya Kiarabu. Msomaji wa Kiswahili akifunguliwa kitabu hicho angeshtuka kukutana na maneno dunia, sahibu na hukumu, yamekaa humo kwa amani. Watangulizi walikuwapo, Pandit Tara Singh Narotam mmoja wao, lakini walishughulika na maneno magumu ya maandiko. Kahn Singh alitaka zaidi. Anachukua neno, anaonyesha limetoka lugha gani, anatoa maana zake mojamoja kwa namba, na kwa kila maana anaonyesha mahali lilipotumika. Kisha anavuka maneno kabisa: miji na mito, wafalme, vita, mimea na tiba zake, raga na ala za muziki, nyumba za ibada na historia zake, vipimo vya ushairi. Ameweka picha na ramani. Ukitafuta mti, unaambiwa majina yake katika lugha kadhaa na unatibu nini. Fundi cherehani akipotea humo atarudi ameelimika.

Fedha za kuichapa zilikuwa kisa. Maharaja wa Faridkot alikuwa ameahidi. Akafa mwaka 1918. Tumaini likarudi kwa Nabha, kwa mwanafunzi wake Ripudaman, sasa akiwa maharaja kamili. Lakini Ripudaman alikuwa mbishi kwa Waingereza, na tena alikuwa na uhasama wa muda mrefu na jirani yake Bhupinder Singh, maharaja wa Patiala. Uhasama huo ndio Waingereza walioutumia kumwondoa kwenye kiti Julai 1923, na kuondolewa kwake kukazusha maandamano makubwa Jaito, ambako hata Jawaharlal Nehru alikamatwa Septemba mwaka huo. Mwisho wa yote, aliyelipa gharama za kuchapa kamusi ya mwalimu wa Ripudaman alikuwa Bhupinder wa Patiala. Sijui kama kuna mwandishi aliyewahi kupewa pesa chungu kuliko hizo. Alizipokea, na kitabu kikatoka. Nadhani alifanya sawa.

Sasa tuviweke vitabu viwili mezani, kijitabu cha 1898 na kamusi ya 1930, kwa sababu hapo ndipo penye swali lote. Kijitabu kinasema: huku sisi, kule wao. Kamusi, ukurasa baada ya ukurasa, inasema: neno hili tulilipata kwa wao, na hili, na hili, na huyu mtakatifu alikuwa wao, na dawa hii tulifundishwa na wao. Ni sawa na mtu wa Njombe aliyepanda safu ya miti kuzunguka shamba lake ili jirani asiingie, kisha akakaa miaka 14 kuorodhesha kila mmea uliomo ndani, akaandika bila kuficha mbegu ya kila mmoja ilitoka kwa nani.

Wapo wanaoona safu hiyo ya miti ndiyo urithi wake mkuu, na wapo wanaoilaumu. Mwanahistoria Harjot Oberoi, katika kitabu alichochapa mwaka 1994, alijenga hoja kwamba kabla ya Singh Sabha mipaka ya dini Punjab ilikuwa laini, watu wakichanganya bila kuona haya, na kwamba wasomi wa mjini ndio waliokuja kuamua nani safi na nani si safi. Hoja hiyo iliwaudhi Masingasinga wengi hata likazuka zogo kubwa. Kwangu ina ukweli na ina upungufu. Ukweli ni kwamba mtu wa kijijini aliyekwenda kwa walii wa Kiislamu Alhamisi na kwa Kitabu siku nyingine hakuombwa maoni yake. Upungufu ni kwamba inamfanya Kahn Singh aonekane kama mtu aliyebuni. Amri ya Khalsa ya 1699 haikubuniwa Lahore. Alichofanya ni kuchagua: katika mambo mengi yaliyokuwepo alichukua baadhi akasema haya ndiyo dini, mengine ni mazoea. Kila mwanamatengenezo anafanya hivyo, na kila mara kuna bibi mmoja kijijini anayeambiwa uzeeni kwamba alichofanya maisha yake yote hakikuwa dini.

Na ugomvi huo haukubaki Punjab. Ulipanda meli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta Wahindi karibu 32,000 kujenga reli ya Uganda, wengi wao kutoka Punjab, na kati yao Masingasinga: mafundi seremala, wahunzi, waashi, askari. Kusini kwetu walikuwa wametangulia. Askari wa Kisingasinga walikuwa upande wa Waingereza Karonga, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mwaka 1895 alipopigwa Mlozi, mfanyabiashara Mswahili wa watumwa na pembe. Nairobi ilipokuwa bado kambi ya mabati, Arya Samaj walifungua tawi lao mwaka 1903, na Masingasinga nao wakajenga nyumba zao za ibada. Swali la nani Mhindu na nani si Mhindu likaulizwa upya chini ya paa za bati za Afrika. Tofauti ni kwamba huku hapakuwa na mito mitakatifu wala makaburi ya mawalii wa Punjab ya kuchanganyia. Mhamiaji alibeba Kitabu, kilemba na vifaa vya kazi. Mpaka aliouchora Kahn Singh kwa taabu nyumbani, huku ulijichora wenyewe.

Lakini Afrika Mashariki haikuzaa Kahn Singh wa pili. Ilizaa watu wa aina nyingine. Makindu, kwenye njia ya Mombasa na Nairobi, wafanyakazi wa reli walijenga nyumba ya ibada mwaka 1926, na hadi leo msafiri wa dini yoyote, dereva au utingo, anakula hapo bila kulipa. Kericho alikaa Puran Singh, mtu wa sala na huduma, aliyehamia Uingereza miaka ya 1970. Jumuiya aliyoiasisi imejenga kituo kikubwa Birmingham. Kericho hiyohiyo alizaliwa Joginder Singh, bingwa wa Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Nairobi aliishi Makhan Singh, mtoto wa fundi mwenye kiwanda cha kuchapa, aliyetunga mashairi ya Kipunjabi kabla ya kuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Aprili 1950 alisimama Kaloleni akadai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani, akakaa kizuizini zaidi ya miaka 11, na mwaka 1969 akachapa historia ya vyama hivyo. Hapa kwetu Tanga palikuwa na kiwanda cha Sikh Saw Mills, ambacho baadaye kiliingia chini ya shirika la umma la TWICO. Mafundi kadhaa wa mbao walijifunzia humo.

Mtu akitazama orodha hiyo atasema jamii hii ilikuja na mikono, haikuja na kalamu. Ni kweli nusu. Waliokuja walikuwa mafundi, na wengi walitoka kundi la Ramgarhia, watu wa randa na fuawe, ambao huko Punjab wenye mashamba waliwaweka daraja la chini ingawa maguru walilaani matabaka. Huku walipata fedha na heshima, wakajenga nyumba zao za ibada zenye jina lao wenyewe. Hapo kijitabu cha 1898 kinapata kovu. Kilisema tofauti yetu na Wahindu ni kwamba hatuna tabaka. Miji ya Afrika Mashariki ikajaa milango miwili ya ibada, mmoja wa jumla na mmoja wa mafundi. Parminder Bhachu, aliyewaandikia kitabu mwaka 1985 baada ya wengi kuhamia Uingereza, ameonyesha jinsi walivyofika huko wakiwa wameshika mila kwa nguvu kuliko waliotoka Punjab moja kwa moja.

Tofauti ya dini hii na dini nyingine za Njombe iko kwenye lugha. Wamisionari wa Berlin walipoingia Ubena miaka ya 1890 walianza na kujifunza Kibena na kuweka Injili katika lugha hiyo; Kidugala ikawa mahali pa shule. Wabenediktini wa Uwemba wakafanya yao. Uislamu ulishakuwa na Kiswahili, na Kiswahili kilishakuwa na Uislamu. Dini ya Masingasinga haikutafuta waumini, kwa hiyo haikutafuta lugha. Singasinga aliyepasua mbao na Mbena kwa miaka 20 alimfundisha kunoa msumeno. Hakumsomea Nanak hata siku moja, wala Mbena hakumuuliza. Leo Njombe ina mashamba ya miti hadi macho yachoke, kuanzia miwati ya kampuni ya TANWAT iliyoanza mwaka 1949 hadi paini za wakulima wadogo, na vijana wanaopasua mbao kwa mashine za ding-dong wanayo misamiati ya kazi kutoka pande nyingi za dunia. Habari ya dini ya watu hao hawana.

Nalaumu pande zote mbili. Jamii iliyokaa nchini zaidi ya miaka mia ingeweza kutuandikia kijitabu kimoja cha kurasa 60 kwa Kiswahili safi: tunaamini nini, kwa nini hatukati nywele, kwa nini chakula chetu cha hekaluni ni cha kila mtu. Na sisi wenye vyuo na majarida tungeweza kwenda kuuliza. Vitabu vya somo la dini mashuleni vinapita juu ya Usikhi kama lori tupu linavyopita Makambako usiku.

Kahn Singh alifariki Nabha Novemba 1938. Kitabu chake cha mwisho kikubwa, Gurmat Martand, kilichapwa mwaka 1962, miaka 24 baada ya kifo chake. Mahan Kosh bado inachapwa, na hakuna msomi wa dini hii anayeandika bila kuifungua. Mimi ningekitoa kijitabu chote cha 1898 ili kuibakisha hiyo, ingawa najua bila kijitabu kusingekuwa na jamii iliyotulia kiasi cha kuisoma. Kuhusu swali lenyewe, waumini walishalimaliza zamani: mtu ukimwambia Singasinga yeyote leo kwamba ni Mhindu, atakusahihisha. Serikali ndizo bado zinasuasua. Katiba ya India ya mwaka 1950, Ibara ya 25, inapozungumzia kufungua mahekalu ya Wahindu kwa watu wote, inaeleza kwamba neno Wahindu hapo liwahusishe pia Masingasinga, na maelezo hayo hayajafutwa hadi leo.